Nani kasema Walatino wa Marekani hawasogei?

Kuna takwimu moja ya Marekani ambayo kila ikisambaa mitandaoni inazidi kupoteza maana. Kituo cha nchi hiyo cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilikusanya majibu ya watu kwa simu kati ya mwaka 2017 na 2020. Kikakuta kwamba kati ya kila watu wazima 100 wenye asili ya Amerika ya Kilatini, 32 hawakuwa wakifanya mazoezi yoyote. Kwa Wamarekani weusi walikuwa 30, kwa wazungu 23, kwa wenye asili ya Asia 20. Mwenye haraka anasoma mpaka hapo na kuondoka na hukumu yake: hao watu ni wavivu, tena wanapenda kula.

Hukumu hiyo inagonga mwamba mara tu unapoangalia nani anafanya kazi gani. Karibu theluthi moja ya wafanyakazi wa ujenzi Marekani ni Walatino. Wanaochuma stroberi na zabibu California, wengi wao ni watu wa asili ya Mexico. Mtu aliyeshinda juu ya paa akigonga misumari kwenye jua la Texas anaingiaje kwenye kundi la wasiosogea?

Anaingia kwa sababu ya swali aliloulizwa. Kwa Kiswahili cha kawaida, swali hilo linasema: ukiacha kazi yako ya kila siku, katika mwezi uliopita ulifanya mazoezi au shughuli yoyote ya mwili, kama kukimbia, kucheza gofu, kutunza bustani au kutembea kwa ajili ya mazoezi? Fundi wa paa anajibu hapana, na anasema kweli. Ila kilichopimwa hapo ni matumizi ya muda wake wa mapumziko. Jasho lake la mchana halikuulizwa.

Makala hii inahusu huo muda wa mapumziko, na kitu kimoja kinachouamua kuliko wengi tunavyodhani: mtaa ambao familia inaishi.

Kwanza tuelewane maneno. Ninaposema Walatino nina maana ya watu wanaoishi Marekani wenye asili ya Mexico, Puerto Rico, Cuba, Jamhuri ya Dominika, El Salvador, Guatemala, Colombia na majirani zao. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu kuwa milioni 62, yaani karibu mtu mmoja katika kila watano nchini humo. Baadhi ni wahamiaji wa juzi. Wengine familia zao zilikuwa Texas na California kabla nchi hizo hazijawa za Marekani. Mpaka ndio uliowavuka wao. Kuwazungumzia kama kabila moja ni sawa na kumweka Mnyarwanda, Mzaramo na Mluo kwenye fungu moja, na tutaona kwamba kosa hilo lina gharama hata kwenye suala la mazoezi.

Shughuli za mwili ni neno pana kuliko mazoezi. Mwili unasogea katika sehemu nne za maisha: kazini, njiani (kwa miguu au kwa baiskeli), nyumbani katika kufua na kudeki, na katika muda wa mapumziko. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kadiri kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 kwa siku. Mwongozo unakubali dakika hizo zitoke popote. Dodoso nyingi hazikubali.

Na mtaa? Hapa watafiti wanatenganisha vitu viwili. Kuna mtaa unaoweza kuupiga picha: njia ya waenda kwa miguu, taa, vivuko, miti, bustani ya umma, umbali wa duka na shule, kasi ya magari. Halafu kuna mtaa usioingia kwenye picha: nani anaogopwa, majirani wanajuana kiasi gani, polisi wakipita watu hufanya nini, mama anapata wasiwasi saa ngapi mtoto akiwa nje. Wa pili una nguvu sawa na wa kwanza, na pengine zaidi, ingawa bajeti za miji hupenda kumaliza fedha kwenye ule wa kwanza.

Nia ya kufanya mazoezi ni kiberiti, na mtaa ni kuni. Kuni mbichi nazo huwaka, lakini zinamtaka mpishi apulize mpaka machozi yamtoke, na wengi watakata tamaa kabla chai haijachemka.

Sasa turudi kwenye vipimo, kwa sababu hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Serikali ya Marekani ilipowafunga watu kiunoni vifaa vidogo vinavyorekodi mwendo, katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 na 2004, picha iligeuka. Walatino, hasa wanaume, walionekana kusogea zaidi kuliko wazungu. Kifaa hakijui kama mtu yuko kazini au kwenye bustani, kinahesabu tu. Kwa hiyo sentensi mbili zinazoonekana kupingana ni za kweli kwa pamoja: Walatino wanasogea sana, na Walatino wengi hawana muda wa mapumziko wanaoutumia kwa mazoezi.

Mtu anaweza kuuliza, basi tatizo liko wapi, si wanasogea? Liko pahali pawili. Kwanza, kusogea kwa kazi nzito huenda hakumpi mtu faida sawa na kukimbia jioni. Watafiti wa Denmark wamelisukuma sana wazo hili: kubeba mizigo saa nane mfululizo bila kuchagua lini upumzike kunauweka moyo na shinikizo la damu juu kwa muda mrefu, wakati kukimbia nusu saa kunaupandisha moyo kisha kunaupumzisha. Wengine wanapinga, wakisema wafanyakazi hao wana kipato kidogo na maisha magumu kwa njia nyingine nyingi, na ni vigumu kujua lipi limesababisha lipi. Ubishi haujaisha.

Pili, watoto hawaendi kazini. Mtoto wa fundi paa hapati chochote kutokana na jasho la baba yake. Yeye anategemea shule, uwanja na barabara ya mbele ya nyumba. Takwimu za CDC za mwaka 2017 hadi mwanzoni mwa 2020 zinaonyesha unene wa kupindukia kwa asilimia 26.2 ya watoto na vijana wa Kilatino, ikilinganishwa na asilimia 16.6 ya wazungu. Chakula kina mkono wake hapo, na kipato pia. Lakini mahali pa kuchezea pamo.

(Ni vyema kusema hapa kwamba Walatino kwa ujumla wao si watu wanaokufa mapema. Mwaka 2019 umri wa kuishi uliotarajiwa kwao ulikuwa miaka 81.9, na kwa wazungu 78.8. Wataalamu wamekuna vichwa kwa miongo kadhaa kuhusu hilo. Kwa hiyo anayewachora kama jamii mahututi naye anapotosha.)

Mtaa ninaopenda kuutumia kueleza jambo hili ni Boyle Heights, upande wa mashariki wa Los Angeles, ng'ambo ya mto kutoka katikati ya jiji. Ndani ya mtaa huo mmoja unakuta karibu kila sababu ambayo wataalamu huiandikia ripoti.

Mwaka 1933 serikali ya Marekani iliunda shirika la mikopo ya nyumba, Home Owners' Loan Corporation. Maofisa wake wakachora ramani za miji zaidi ya 200, wakipaka rangi kila mtaa kulingana na usalama wa kukopesha. Kijani ni salama, nyekundu ni hatari. Boyle Heights ya wakati ule ilikuwa na Wayahudi, Wamexico, Wajapani na Warusi wakiishi mlango kwa mlango, na mchanganyiko huo wenyewe ndio uliowatisha waliochora. Ukapakwa rangi nyekundu. Mtaa mwekundu ulinyimwa mikopo. Bila mikopo nyumba zinachakaa na thamani ya ardhi inabaki chini. Na ardhi ya bei ya chini, yenye wenyeji wasio na sauti mjini, ndiyo mhandisi wa barabara anayoitafuta.

Barabara za kasi zikaja, hasa miaka ya 1950 na 1960. Leo Boyle Heights imekatwa na kadhaa kati ya hizo, na makutano yao makubwa yamekaa palepale mtaani. Ipo bustani moja ya zamani yenye ziwa, Hollenbeck Park, na barabara ya kasi imepitishwa juu ya ukingo wake wa magharibi, nguzo za zege zikiwa zimesimama majini. Kwenye orodha ya jiji bustani hiyo inahesabiwa kama bustani nyingine yoyote: ipo, ina nyasi, ina uwanja wa watoto. Orodha haina safu ya kelele wala ya moshi wa malori.

Urithi wa ramani zile unapimika hata kwa kipimajoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ukiangalia miji 108 ya Marekani, ulikuta kwamba mitaa iliyopakwa nyekundu wakati ule ina joto la ardhini linalozidi la mitaa ya kijani kwa wastani wa nyuzi 2.6 za Selsiasi. Miti haikupandwa, lami ikapanuliwa. Ukimwambia bibi wa miaka 65 atembee saa tisa mchana mwezi Agosti kwenye mtaa usio na kivuli, unampa ushauri wa daktari asiyetoka nje ya ofisi yake.

Pamoja na yote hayo, watu wa Boyle Heights walikuwa wakitembea. Sehemu waliyoichagua ilikuwa kando ya uzio wa Evergreen, makaburi ya tangu mwaka 1877. Kila asubuhi na jioni wazee, akina mama wenye vigari vya watoto na vijana walilizunguka eneo hilo, wakiruka zege lililopasuliwa na mizizi ya miti. Sababu ni rahisi. Ukizunguka makaburi huvuki barabara hata moja, hakuna gari linalotoka kwenye geti la nyumba, na mzunguko mzima ni kama maili moja na nusu, kiasi cha kilomita mbili na nusu. Wakazi waliungana wakaisumbua manispaa, na mwaka 2003 njia laini ya mpira ikatandikwa kuzunguka makaburi yote. Hakuna aliyehitaji kuhamasishwa. Watu walikuwa wameshahama kwenda pale kwa miguu yao; serikali iliwafuata kwa nyuma.

Mpangamiji James Rojas, aliyekulia maeneo hayo, alianza tangu miaka ya 1990 kuandika kwamba wataalamu wenzake walikuwa hawauoni mtaa wa Kilatino uliopo mbele ya macho yao. Walikuwa wakihesabu bustani na kusema ni chache. Yeye alikuwa akiangalia uzio wa mbele ya nyumba, ambapo jirani anaegemea na kupiga soga, muuza mahindi ya kuchoma anayesukuma mkokoteni, kiti kilichowekwa barazani. Vitu hivyo huwatoa watu ndani, na mtu aliyetoka ndani anatembea. Msomaji wa Kariakoo au Majengo hahitaji kuelezwa zaidi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata wanafunzi wa afya ya jamii. Mitaa mingi ya Walatino mijini, ukiipima kwa karatasi, inafaa sana kutembea: nyumba zimebanana, maduka yako karibu, mabasi yapo. Familia nyingi hazina gari, au zina moja ambalo baba ameondoka nalo alfajiri. Kwa hiyo wanatembea, watake wasitake. Watoto wa Kilatino na weusi huenda shule kwa miguu zaidi kuliko wazungu, katika nchi ambayo watoto waliotembea au kupanda baiskeli kwenda shule walishuka kutoka asilimia 48 mwaka 1969 hadi asilimia 13 mwaka 2009. Wakati huohuo wanaishi kwenye barabara zenye magari ya kasi na vivuko vichache. Waenda kwa miguu zaidi ya 7,500 waliuawa na magari Marekani mwaka 2022, na Walatino wanakufa kwa kiwango kinachozidi cha wazungu.

Kwa hiyo ukisikia mtaa hatari haukaliwi na watu wanaotembea, hilo si sahihi. Mtaa hatari unaweza kuwa na watu wengi wanaotembea kwa sababu ya shida. Unachokiua ni kutembea kwa hiari: kuzunguka baada ya chakula cha jioni, mpira wa watoto, baiskeli ya binti. Msichana hasa. Tafiti nyingi za familia hizi zinagusa jambo hili: wazazi wanaouona mtaa wao kuwa si salama huwafungia watoto ndani, na mabinti hufungiwa mapema kuliko wavulana.

Hofu yenyewe ina ramani yake. La Villita, mtaa wa Wamexico upande wa kusini-magharibi wa Chicago, umegawanywa na magenge mawili ya vijana kwa mstari ambao hauonekani kwenye ramani yoyote ya manispaa. Mwezi Desemba 2014 bustani kubwa ya zaidi ya ekari 20 ilifunguliwa huko, kwenye ardhi iliyokuwa ya kiwanda na iliyobidi kusafishwa sumu kwanza, baada ya wakazi kuipigania kwa miaka mingi. Ni ushindi, na sitaki kuupunguza. Ila mvulana wa upande mmoja anayetakiwa kuvuka mstari ili aifikie bustani anapima umbali tofauti na unaopimwa na mfumo wa satelaiti.

Mtaa huohuo una upande mwingine wa hadithi. Mwezi Julai 1995 wimbi la joto liliua watu zaidi ya 700 Chicago. North Lawndale, mtaa jirani wenye wakazi weusi na umaskini unaokaribiana, ulipoteza watu kwa kiwango kikubwa mno kuliko La Villita. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alieleza tofauti hiyo kwa barabara zenyewe: La Villita ilikuwa na maduka, masoko na watu njiani saa zote, hivyo wazee walitoka na wakaonekana, upande wa pili viwanja vilikuwa vitupu, maduka yamefungwa, wazee wamejifungia. Wengine wamebishana naye kuhusu uzito wa sababu nyingine. Lakini kwa mada yetu inatosha kuona kwamba kitu kilekile, pilika za barabarani, kinaweza kuwaokoa wazee wakati mstari wa magenge unawazuia wajukuu wao.

Na kuna hofu ambayo hakuna taa ya barabarani inayoweza kuiondoa. Tarehe 7 Julai 2025 maofisa wa uhamiaji wa serikali kuu, wakisindikizwa na askari wa Walinzi wa Taifa, wengine juu ya farasi, wengine kwenye magari ya kijeshi, walipita MacArthur Park, bustani ya Los Angeles inayozungukwa na familia kutoka El Salvador, Guatemala na Mexico. Watoto waliokuwa kwenye kambi ya likizo hapo waliharakishwa kuingizwa ndani. Bustani ni ileile, nyasi zilezile. Kwa mama asiye na karatasi, au aliye na karatasi lakini mume hana, bustani hiyo imehama kutoka orodha ya mahali pa kumpeleka mtoto. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi walioko Marekani hawahitaji mkalimani kulielewa hilo.

Wapo watakaosema haya yote ni visingizio, suala ni utamaduni. Kuna chembe ya kweli. Katika familia nyingi za Kilatino mama anatarajiwa kujiweka wa mwisho, na saa moja ya mazoezi inaweza kuonekana kama saa aliyowanyima watoto. Tatizo la maelezo ya utamaduni ni kwamba yanatabiri Walatino wote wafanane, na hawafanani.

Utafiti mkubwa zaidi wa afya zao, ulioandikisha watu zaidi ya 16,000 kati ya mwaka 2008 na 2011 katika Bronx, Chicago, Miami na San Diego, uliwafunga washiriki vipima mwendo kiunoni. Wenye asili ya Puerto Rico waliongoza kwa dakika za mwendo wa kadiri na wa nguvu. Wenye asili ya Cuba walishika mkia. Lugha moja, visiwa viwili vya bahari moja, muziki wa kucheza haukauki kokote kati ya viwili hivyo. Sasa angalia wanakoishi: Wapuerto Rico wa utafiti huo wengi wako Bronx, ambako mtu anashuka ngazi za reli ya chini ya ardhi na kutembea hadi dukani. Wacuba wako Miami, jiji la magari, joto na umbali mrefu. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee. Umri na kazi navyo vina sehemu yao. Lakini anayetaka kulitupa jiji nje ya maelezo ana kazi ya kufanya.

Swali gumu kuliko yote ni la kuku na yai. Huenda mtaa mzuri hauwafanyi watu wasogee. Huenda watu wanaopenda kusogea ndio wanaohamia mitaa mizuri. Tafiti nyingi zinapiga picha ya siku moja tu, kwa hiyo haziwezi kulijibu. Jaribio lililokaribia zaidi lilianza mwaka 1994 katika Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York. Familia zaidi ya 4,000 za nyumba za serikali, karibu zote za watu weusi na Walatino, ziliingia kwenye bahati nasibu. Zilizoshinda zilipewa hati ya kusaidiwa kodi kwa sharti la kuhamia mtaa usio na umaskini mkubwa. Kwa kuwa bahati nasibu ndiyo iliyochagua, tabia za watu haziwezi kulaumiwa. Baada ya miaka 10 hadi 15, wanawake waliopata hati hiyo walikuwa na unene wa kiwango cha hatari na kisukari kidogo kuliko walioikosa. Jaribio halikuweza kusema ni bustani, usingizi, chakula au kupungua kwa hofu. Lilisema tu kwamba mahali peke yake panaingia mwilini.

Huko kwenye koloniya za mpakani Texas, mada hii inashuka hadi mambo ya msingi kabisa. Koloniya ni makazi yaliyouzwa viwanja bila huduma. Watu kama nusu milioni wanaishi humo, karibu wote wa asili ya Mexico. Akina mama wakiulizwa kinachowazuia kutembea, hutaja matope, giza na mbwa wasiofungwa. Anayewaandalia semina ya umuhimu wa mazoezi angefanya vizuri kuja na taa kwanza, na mtu wa kushughulikia mbwa.

Yapo yaliyofanya kazi, na yanafanana katika jambo moja: yaligusa mitaa yote miwili, ule wa picha na ule usio wa picha. San Diego, makanisa 16 yaligawanywa katika makundi mawili kwa nasibu, wanawake 436 wa Kilatino wakashiriki. Upande mmoja uliongozwa na wahamasishaji, wanawake wa jamii hiyohiyo, katika vikundi vya kutembea na dansi. Pia walikagua njia za kuzunguka kanisa na kufuatilia marekebisho. Upande wa pili ulipata elimu ya kupima saratani. Baada ya mwaka, wa kundi la kwanza walikuwa wakijishughulisha zaidi. Kanisa lilitatua kwa mkupuo mmoja mambo matatu: hakuna mume anayehoji mkewe anakwenda wapi, kuna wa kumwachia mtoto, na hakuna anayetembea peke yake.

Los Angeles nayo iliazima dawa kutoka nyumbani kwa wagonjwa wenyewe, ukipenda kusema hivyo. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, tangu mwaka 1974 imekuwa ikifunga barabara zake kwa magari; leo ni zaidi ya kilomita 120 kila Jumapili na sikukuu. Tarehe 10 Oktoba 2010 Los Angeles ilifanya siku yake ya kwanza ya aina hiyo, kilomita 12, na moja ya ncha zake ilikuwa Hollenbeck Park, Boyle Heights. Kigali imekuwa na siku zake bila magari tangu mwaka 2016, kwa hiyo anayetaka kuona wazo lenyewe hana haja ya viza ya Marekani.

Linalobaki ni somo ambalo Chicago ililipata kwa uchungu. Mwezi Juni 2015 jiji hilo lilifungua njia ya kutembea na baiskeli ya kilomita nne na ushei juu ya reli iliyoachwa, ikipita Humboldt Park na Logan Square, mitaa ya Wapuerto Rico na Wamexico. Kila ambacho ripoti za afya zilikiomba kilikuwepo: miti, taa, hakuna magari. Madalali walilielewa hilo haraka kuliko madaktari. Upande wa magharibi wa njia hiyo, ule wa Walatino wa kipato cha chini, bei za nyumba zilipanda kwa karibu asilimia 50 ndani ya miaka michache tangu ujenzi uanze mwaka 2013. Nyumba za familia mbili au tatu zilinunuliwa, zikabomolewa, likajengwa jumba la familia moja. Waliopigania njia wakaanza kuhama kabla watoto wao hawajaizoea.

Mwaka 2021 baraza la jiji likaweka ada ya ziada kwa yeyote anayebomoa nyumba karibu na njia hiyo, na likazuia kugeuza majengo ya familia kadhaa kuwa ya familia moja. Wajumbe walipokuwa wakilijadili, neno mazoezi halikuwa la kwanza midomoni mwao. Walizungumza kodi ya pango.